Milima ya Tsavo Magharibi kwa siku moja kutoka Mombasa: mwongozo wa anayeanza

Likizo ya shule ikikaribia, maswali ni yale yale. Gari langu dogo litafika? Tulale huko au turudi? Tuingilie geti gani? Kilimanjaro tutauona? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, hata barazani kahawa ikinywewa. Sasa nayaandika, ili mwenye kuuliza atumiwe huu mwongozo.

Nitakueleza njia moja tu: Mombasa, Voi, Mtito Andei, chemchemi za Mzima, Kilaguni, kilima cha Chaimu, milima ya Ngulia, kutokea geti la Tsavo, kisha nyumbani. Ni zaidi ya kilomita 500 kwenda na kurudi, na karibu 100 kati ya hizo ni barabara ya vumbi. Si matembezi ya Nyali hadi Mtwapa.

Jambo moja tulimalize mapema. Hii ni siku ya kutazama milima. Wanyama utawaona, lakini vichaka vya Tsavo Magharibi ni vizito na simba anaweza kulala hatua kumi kutoka barabarani usimjue. Kama watoto wamekwambia "simba au tusiende", wapeleke Tsavo Mashariki, ambako nchi ni tambarare na geti la Buchuma ni karibu zaidi na Mombasa. Huku tunafuata miinuko, mawe meusi ya volkano na maji.

Uwe na nini kabla ya kuondoka

Gari kwanza. Kiangazi, gari dogo lenye matairi mazima na lisilolala chini sana litafika Mzima na Kilaguni bila matata makubwa. Upande wa Ngulia barabara ina mawe na makorongo. Huko gari lililoinuka linafaa zaidi, na lenye nguvu ya magurudumu yote manne ndilo bora. Mwenye gari dogo asijione mnyonge: nenda hadi Kilaguni, kisha rudi kwa geti lile lile la Mtito. Utakuwa umeona nusu iliyo nzuri zaidi.

- Spea iliyojaa upepo. Nenda kwa fundi wa pancha siku ya kuamkia safari aipime, usiibonyeze kwa kidole ukaridhika.
- Jeki, spana ya nati za magurudumu, na kipande cha ubao cha kuwekea jeki, maana udongo wa huko ni laini.
- Pembetatu za tahadhari, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza. Polisi wa barabarani huviulizia.
- Maji ya kunywa, na dumu la pembeni la maji ya rejeta.
- Vitambulisho vya watu wazima wote. Bila kitambulisho, huna cha kuonyesha kwamba unastahili bei ya raia.
- Ramani ya mbuga, ya karatasi au iliyohifadhiwa kwenye simu ikafunguka bila mtandao.
- Koti jepesi. Mtu wa pwani huona haya kubeba koti, halafu saa moja asubuhi mwezi wa Julai anatetemeka Mtito.
- Viatu vya kufunga. Ndala ziache garini.
- Nguo za rangi ya udongo au kijani kibichi. Mbung'o wapo, na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi huwavuta.
- Chakula cha kuliwa bila fujo: mahamri, viazi vya kuchemsha, mayai, chupa ya chai. Wali wa nazi na mchuzi utamwagika kwenye kona ya kwanza ya Ngulia.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja acha nyumbani. Tangu Juni 2020 zimekatazwa kwenye mbuga zote za taifa Kenya, pamoja na sahani, vijiko na mirija ya aina hiyo. Watu hununua katoni ya maji Voi, kisha wanaishushia getini. Jaza maji kwenye chupa ngumu za kudumu au dumu.

Dereva wa pili ndiye watu wengi humsahau. Ukiwa dereva peke yako, lala Voi usiku wa kuamkia safari. Hoteli zipo za kila mfuko. Kuendesha kuanzia alfajiri hadi usiku, ukiwa umezungukwa na trela, si ushujaa.

Chagua mwezi

Juni hadi Oktoba, wakati wa kusi, ndiyo miezi ya kutegemewa: barabara kavu, hewa ya ubaridi. Januari na Februari pia ni kukavu, ila joto ni kali. Likizo ya Aprili huangukia masika, nami sipendekezi njia ya Ngulia wakati huo hata kidogo. Desemba ni bahati nasibu ya vuli, lakini nchi huwa kijani na anga ikifunguka huwa safi mno.

Hatua kwa hatua

1. Lipa usiku wa kuamkia safari. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haipokei pesa taslimu getini. Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: fungua akaunti, tafuta huduma za KWS, chagua Tsavo Magharibi, jaza tarehe, idadi ya watu wazima na watoto, kisha gari. Gari hulipiwa kivyake, na hapo ndipo wengi hukwama: wanalipia abiria tu. Viwango hubadilika, kwa hiyo soma vya siku hiyo kwenye eCitizen yenyewe, si vya binamu yako aliyekwenda zamani. Lipa kwa M-Pesa, hifadhi risiti kama picha kwenye simu mbili. Ukingoja kufanya haya getini, mtandao ukisuasua utapoteza saa nzima ya asubuhi, na saa ya asubuhi ndiyo iliyokutoa kitandani.

2. Ondoka saa 10 alfajiri. Si saa 11. Hesabu yangu ni hii: kati ya Voi na Mtito Andei barabara kuu imepita katikati ya Tsavo mbili, na tembo na nyati huikatiza. Kipande hicho unataka kukikuta kumekucha. Ukitoka saa 10, Voi utakuwa karibu saa 12 na nusu na jua limeshatoka. Ukitoka saa 11, utanaswa na msururu wa malori Mariakani na kutwa nzima utakuwa nyuma ya ratiba.

Kwa wanaoswali, alfajiri huwakuta karibu na Mackinnon Road, na pale kando ya reli pana msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambao madereva wa njia hii wameuzoea kama kituo. Nyoosha miguu hapo hata kama huswali.

Onyo la kipande hiki: usiovateki trela kwa sababu tu aliye mbele yako amewasha indiketa. Wengine wanakuruhusu upite, wengine wanakata kulia. Ngoja uone barabara mwenyewe.

3. Jaza tangi Voi au Mtito Andei. Hata kama mshale uko nusu. Ndani ya mbuga usitegemee kupata mafuta, na mwendo wa gia ndogo juu ya mawe hunywa kuliko lami. Choo nacho kimalize hapa.

4. Ingia kwa geti la Mtito Andei, utokee geti la Tsavo. Watu wa Mombasa hupenda kinyume chake, kwa kuwa geti la Tsavo, lililo kabla ya kufika Mtito, ndilo wanalolifikia kwanza. Fikiria jua lakini. Asubuhi ukiingilia Mtito unaelekea magharibi, jua liko mgongoni na milima ya Chyulu mbele yako imemulikwa yote, mikunjo na vivuli vyake. Alasiri unageuka kuelekea mashariki, jua limehamia nyuma yako tena, na safari hii ni zamu ya miamba ya Ngulia kung'ara. Ukienda kinyume utakodoa macho kutwa nzima, na picha zote zitakuwa vivuli vyeusi. Tena ukimalizia geti la Tsavo, uko karibu na nyumbani kwa kilomita kama 50.

Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi. Wewe utafika kati ya saa 1 na nusu na saa 2 na nusu, na hiyo inatosha.

5. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Ndiyo sheria ya mbuga, na barabara yenyewe itakukumbusha. Penye matuta madogo madogo yaliyofuatana kama mawimbi, kuna watakaokwambia ukimbize gari ili "lipae juu yake". Puuza. Gari linalopaa halina breki, na nyuma ya kona panaweza kuwa na tembo na mwanawe. Makutano ya njia yana nguzo zenye namba. Kila ukipita moja, msomaji wa ramani aitaje kwa sauti. Kazi hii mpe mtoto mkubwa, atasahau simu.

6. Nenda Mzima moja kwa moja. Usisimame kwa kila swala. Viboko wa Mzima huonekana vizuri kabla jua halijawa kali, na mabasi madogo ya watalii huwa hayajajaa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Mzima ni pako, wewe wa Mombasa, kuliko pa mtalii yeyote. Milima ya Chyulu uliyokuwa ukiitazama, yenye kilele cha mita 2,188, ni ya volkano changa, na mawe yake yana matundu tele. Mvua ikinyesha juu haitengenezi mto. Inazama yote, inapenya chini kwa chini ikichujwa, kisha inabubujika hapa Mzima, baridi na safi hadi unahesabu samaki. Sehemu ya maji hayo hutiwa kwenye bomba la zaidi ya kilomita 200 linaloteremka hadi Mombasa. Bomba lenyewe ni la miaka ya 1950. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Majengo akilalamika mfereji umekauka, kilichokosekana kinatokea hapa, chini ya miguu yako. Yanayobaki hutiririka hadi mto Tsavo, ambao mbele hukutana na Athi na kuwa Galana.

Unaegesha, unaongozana na askari wa KWS kwa miguu. Ni njia fupi ya kivuli, chini ya mitende na mikuyu. Kuna chumba kilichozamishwa majini chenye vioo. Ndani yake utaona samaki wakipita usawa wa uso wako, na siku ya bahati, kiboko akitembea chini kwa chini.

Makosa ya hapa: kusogea ukingoni ili kupiga picha (mamba wapo, na huwaoni), kuwaacha watoto watangulie mbele ya askari, na kuacha vioo vya gari wazi. Tumbili wa Mzima wanajua harufu ya mahamri.

7. Saa 5 ondoka Mzima; saa 6 uwe Kilaguni. Kilaguni ni hoteli ya kwanza kujengwa ndani ya mbuga ya taifa Kenya, ilifunguliwa 1962, na waliochagua mahali walijua wanachofanya: baraza inatazama kisima cha wanyama, na nyuma ya kisima Chyulu imejipanga upande mzima. Agiza chai, pumzisha dereva. Tembo wa hapa ni wekundu kwa kujipaka udongo wa Tsavo, na watoto watadhani wamepakwa rangi.

Kuhusu Kilimanjaro, jibu la kweli ni kwamba usiuahidi. Mlima huo, mita 5,895, uko Tanzania na hujifunika mawingu kuanzia asubuhi ya katikati. Ukiutaka, utafute mapema njiani kabla ya Mzima, ukitazama magharibi, kidogo kusini, juu kabisa, mahali ambapo hungetarajia kuwe na mlima. Wengi huutafuta chini sana. Adhuhuri wewe kula tu, haupo.

8. Chagua Chaimu au Roaring Rocks, si vyote viwili. Chaimu ni kilima cha majivu meusi ya volkano chenye shimo juu. Kukipanda ni kufupi lakini unapiga hatua moja mbele na kuteleza nusu nyuma, na saa 7 mchana lile jiwe jeusi linachoma kama kikaango. Wenye wazee au watoto wadogo watazame wakiwa chini. Roaring Rocks ni miamba iliyoinuka, upepo ukivuma juu yake, na bonde zima limetandazwa chini. Kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mchana. Popote utakaposhuka, zima gari, kaa kimya dakika mbili ukitazama vichaka vya jirani, ndipo ufungue mlango. Pengine pote ndani ya mbuga, kushuka garini pasipo na ruhusa ni marufuku.

Kuna watakaosema ongeza mkondo wa lava wa Shetani. Ni mzuri, kilomita nyingi za mawe meusi yaliyoganda, yaliyomwagika miaka mia chache tu iliyopita. Lakini uko ng'ambo ya geti la Chyulu, upande wa kwenda Amboseli, kinyume na nyumbani. Uwekee siku utakayolala.

9. Pita bonde la faru, kisha Ngulia. Hapa ndipo penye uendeshaji wenyewe. Miamba inasimama wima kushoto na kulia, barabara inapanda na kushuka. Kwenye mteremko tia gia ndogo na uiache injini ikushike. Anayeshuka amekanyaga breki muda wote atainusa harufu ya breki kabla hajafika chini. Gari la otomatiki nalo lina gia ndogo, isome kabla ya safari. Kona isiyoonekana mbele, shika kushoto.

Eneo la faru lililozungushiwa ua kwa kawaida hufunguliwa wageni jioni tu, kwa hiyo msafiri wa siku moja aliondoe kwenye mpango. Jambo jingine la Ngulia ambalo watu wa kwetu wachache wanalijua: Novemba na Desemba, usiku wa ukungu, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli iliyo juu ya ukingo, na tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa, kuwavisha pete miguuni na kuwaachia. Lakini hilo pia ni la anayelala.

10. Saa 8 na nusu, geuza uso kuelekea geti la Tsavo. Hata kama chui amesemwa yuko kilomita tano nyuma. Lengo ni kutoka getini kabla ya saa 10 na nusu. Geti hufungwa saa 12 jioni, lakini anayetoka saa 12 atakuwa na saa nne za giza na malori. Kupuuza kipimo hiki huharibu safari nyingi kuliko pancha na mvua zikijumlishwa, basi mpe mtu mmoja asiye dereva kazi ya kutazama saa, na neno lake liwe la mwisho.

Ukitoka, uko karibu na daraja la reli la mto Tsavo, ambako simba wawili waliwala wajenzi wa reli mwaka 1898. Watoto wakiuliza walipo, ngozi zao zimejazwa na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho huko Chicago. Voi simama mle chakula cha moto, mbadilishane usukani, mteremke polepole.

Mambo yakienda kombo

*Tairi limetoboka ndani ya mbuga.* Mawe ya volkano hukata ubavu wa tairi, na ubavu haupigwi kiraka. Endesha polepole hadi mahali pa wazi ambapo unaona pande zote, usisimame penye kichaka. Mmoja abadilishe, wengine wawili wasimame wakitazama pande tofauti, watoto wabaki ndani. Ukishavaa spea, acha Ngulia, shika njia kubwa ya kutokea.

*Injini imechemka.* Zima, fungua boneti kutoka ndani, ngoja nusu saa. Usiguse kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Kinachochemsha gari mara nyingi ni kupanda na AC imewashwa huku gari limejaa watu saba.

*Tembo amesimama barabarani.* Simama mbali, usipige honi, usizime injini. Akitandaza masikio, akatikisa kichwa, rudi nyuma taratibu ukiwa umenyooka. Asipokuwa na haraka, nawe huna.

*Umepotea.* Usikate njia porini. Rudi nguzo ya mwisho yenye namba uliyoisoma. Mtandao huja na kwenda. Sehemu za juu hushika vizuri kuliko bondeni.

*Mvua imenyesha.* Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuwa mto alasiri. Usipoona chini, usivuke. Rudi kwa geti la Mtito kupitia barabara kubwa, hata kama ni mbali zaidi.

*Mtoto anatapika.* Kona za Ngulia huwafanyia hivyo hata watu wazima. Mketishe mbele au katikati atazame mbali, mpe tangawizi kavu, na umnyang'anye simu.

*Mmeamka saa 2.* Tsavo Magharibi imeshakwisha kwa leo, usijaribu kuikimbilia. Badilisha mpango, pitia Dongo Kundu usihangaike na feri, nenda Shimba Hills juu ya Kwale. Ni vilima vya msitu na nyasi, bahari inaonekana kutoka juu, kuna maporomoko ya Sheldrick ya kutembelea na askari, na ndiko peke yake Kenya palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda, anakoishi porini. Hulipiwa kivyake kwenye eCitizen, na jioni mtakuwa nyumbani mapema.